Je, ni sahihi kumuuliza mkutubi wa maktaba ya umma yeye mwenyewe anapenda kusoma nini?

Msomaji wa Chumbageni (Tanga)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote.

Nimehamishiwa Tanga kikazi, na tangu nifike Jumamosi zangu nyingi nazimalizia katika maktaba ya mkoa. Wakutubi wa pale ni waungwana: wananisalimia, wanapokea vitabu ninavyorejesha, wanatazama tarehe, wananigongea muhuri katika vingine, nami naaga na kwenda zangu. Hivi karibuni nilikuwa nimesimama mezani nikisubiri kadi yangu, nikaona pembeni ya daftari la kuazimishia kuna riwaya ya Kiswahili iliyochakaa, ndani yake kimechomekwa kipande cha risiti kuonyesha ukurasa alipofikia msomaji wake. Haikuwa na namba ya maktaba ubavuni, kwa hiyo ilikuwa mali ya mkutubi mwenyewe. Nilitamani sana kumuuliza ameifikia wapi na anaionaje, lakini nyuma yangu kulikuwa na wanafunzi wamepanga foleni, nami nikaona haya.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza kwamba watu hawa wanaishi na maelfu ya vitabu, wanajua kipi kinaazimwa kila wiki na kipi hakijaguswa kwa miaka, na bado sisi wasomaji hatujui lolote kuhusu ladha zao. Muuza vitabu humuuliza mteja anapenda nini na humweleza anachokipenda yeye. Kwa nini mkutubi tusimuulize?

Naomba mwongozo wenu katika mambo haya. Je, kumuuliza mkutubi wa umma kuhusu usomaji wake binafsi ni kumwingilia? Je, maadili ya kazi yake yanamruhusu kusema kitabu fulani kinampendeza na kingine hakimpendezi? Na kama ni jambo jema, msomaji wa kawaida aanzie wapi bila kumpotezea muda?

Mkutubi Mstaafu (Dar es Salaam)

Ndugu yangu wa Chumbageni, nimelisoma swali lako kwa furaha, kwa sababu nilifanya kazi hii hadi nilipostaafu, na katika miaka yote hiyo waliowahi kuniuliza ninapenda kusoma nini walikuwa wachache mno. Jibu langu ni fupi: muulize. Hutakuwa umemkosea adabu.

Naomba hata hivyo uelewe kwanza kwa nini swali hilo ni nadra. Ukiingia Maktaba Kuu ya Taifa hapa Dar es Salaam, ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, utakuta viti vimejaa, lakini wengi waliovikalia wamekuja na madaftari na vitini vyao kutoka nyumbani. Wanachohitaji kwetu ni meza, mwanga na utulivu. Maktaba za mikoa nazo ziko hivyo hivyo, na katika miezi ya kuelekea mtihani wa kidato cha nne hata nafasi ya kuweka mkoba huipati. Maswali tuliyozoea kuulizwa ni kama tuna mitihani ya miaka iliyopita, kama kitabu cha fizikia kimerudi, na kama faini inaweza kusamehewa. Mkutubi aliyezoea maswali hayo mwaka baada ya mwaka hujenga mazoea ya kuwa mtu wa kutoa majibu ya haraka, na mapenzi yake ya vitabu huyaacha nyumbani. Ukimuuliza jambo la moyoni mwake, mpe muda kidogo wa kulitafuta.

Kuna dhana nyingine ambayo ningependa kuiondoa, nayo ni kwamba mkutubi anakaa kazini akisoma siku nzima. Hasomi. Anapanga vitabu vilivyorejeshwa, anatengeneza katalogi, anaandika ripoti, anapaka gundi mgongo wa kitabu kilichoachia kurasa na kukilaza chini ya kitu kizito hadi kesho yake. Usomaji wake wa kweli unafanyika kwenye daladala na usiku, kama wako.

Lakini ipo kazi moja ya maktaba ambayo humlazimisha mtu kuonja kila kitu, nayo ni ya uainishaji. Kitabu kipya kikifika hugongwa muhuri wa umiliki, kikaandikwa katika daftari la kupokelea, kisha kikapelekwa kwa mwainishaji ili akipe namba ya mahali pake rafuni kulingana na mada yake. Huyu hawezi kukipa namba kwa kutazama jalada peke yake, kwa sababu majalada na hata vichwa vya vitabu hupotosha. Atasoma utangulizi, atapekua yaliyomo, atapitia sura ya kwanza, na mara nyingine atajikuta yuko sura ya nne na chai imepoa. Ndiyo maana wainishaji ndio wenye ladha pana kuliko sisi wengine. Nilifanya kazi na mmoja ambaye angeweza kukueleza kwa ufasaha uleule habari za ufugaji wa nyuki na za vina vya utenzi, na vyote alivianza kwa sababu ya kazi. Mwingine alikuwa amezama katika vitabu vya safari na ramani, wala riwaya hakuzijali kabisa. Mama mmoja wa chumba cha magazeti alikuwa msomaji hodari wa taazia. Alisema hakuna uandishi mgumu kama kueleza maisha ya mtu mzima katika safu moja ya gazeti. Mimi mwenyewe ni mtu wa hadithi za upelelezi, na baada ya kustaafu nimerudi kwenye tenzi.

Sasa namna ya kuuliza. Usiulize kitabu kipi ni bora. Ukimuuliza hivyo mtumishi wa umma atakutajia vitabu vya kiada au majina makubwa ambayo hakuna atakayemlaumu kwa kuyataja. Anza na wewe mwenyewe: mwambie umesoma kitabu fulani, lugha yake imekuvutia, mwisho wake haukukuridhisha, na ungependa akuelekeze pa kwenda. Hapo utakuwa umempa kitu cha kushika. Kisha muulize ni kitabu gani kilimfanya akeshe. Chagua asubuhi ya katikati ya wiki, mara tu baada ya kufunguliwa, wala si saa za wanafunzi kutoka shule.

Jambo la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Ukisoma alichokuelekeza, rudi umweleze ulivyokiona, hata kama hakikukupendeza. Hasa kama hakikukupendeza. Mkutubi hupeleka mamia ya vitabu mikononi mwa watu na karibu vyote hurudi bila neno. Anaona tu kwamba tarehe imetimia. Ukimwambia kwamba sura za katikati zilikuchosha na ukampa sababu, atajua wewe ni msomaji wa namna gani, na kitabu cha pili atakachokupa kitakuwa karibu zaidi na wewe. Urafiki wa maktaba unajengwa katika kurejesha.

Nakuonya jambo moja: usimuulize wasomaji wengine wanaazima nini kwa majina yao. Hilo hatakujibu, na hapaswi kukujibu. Kanuni za maadili zilizopitishwa mwaka 2012 na IFLA, lile shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, zinataka siri za msomaji zilindwe, na sisi tulilifundishwa hilo kabla hata kanuni hizo hazijaandikwa. Ladha yake ni yake kukueleza. Ya jirani yako si yake kuitoa.

Mwalimu wa Nyanda za Juu (Iringa)

Nimemsoma Mzee Mkutubi Mstaafu kwa heshima kubwa, lakini nina wasiwasi ambao ningependa uzingatiwe kabla hatujaligeuza jambo hili kuwa sera.

Maktaba ya umma ni ya wote. Mwaka 1931 mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, aliweka kanuni tano za taaluma hii, na mbili kati yake zinasema kwamba kila msomaji ana kitabu chake na kila kitabu kina msomaji wake. Nikizielewa vyema, kazi ya mkutubi ni kuvikutanisha viwili hivyo, na ladha yake mwenyewe haimo katika hesabu. Katika mji mkubwa wenye wakutubi wengi, ladha ya mmoja husawazishwa na ya wenzake. Lakini wilayani, ambako maktaba nzima inaendeshwa na mtu mmoja au wawili na fedha za kununua vitabu ni chache, ladha ya mtu mmoja inaweza kuwa ndiyo rafu yenyewe. Nimewahi kufundisha mahali ambapo vitabu vya dini na wasifu wa viongozi vilikuwa vimejaa hadi juu ya kabati, lakini mwanafunzi aliyetaka riwaya ya mapenzi aliambiwa kwamba huko ni kujipotezea muda. Binti yule hakurudi tena maktaba, na kama mwalimu niliumia, kwa sababu alikuwa ameanza kusoma kwa hiari yake.

Kwa hiyo sipingi mtu kumuuliza mkutubi anapenda nini. Ninachopinga ni msomaji kuacha uchaguzi wake mikononi mwa mkutubi, na mkutubi kudhani kwamba kwa kuwa anaulizwa, basi ladha yake ndiyo kipimo. Maktaba nyingi zina daftari la maoni. Tulitumie hilo kuomba vitabu, ili ununuzi ufuate mahitaji ya wasomaji, na mazungumzo ya ladha yabaki kuwa mazungumzo.

Msomaji wa Eastlands (Nairobi)

Mwalimu, nakuunga mkono kuhusu yule binti, na ninasikitika pamoja nawe. Hata hivyo naona kisa chako kinathibitisha kinyume cha hoja yako. Mkutubi yule alikuwa na ladha kali, ila aliitoa kama hukumu. Angesema waziwazi, "Mimi napenda wasifu, riwaya za mapenzi sizijui sana, hebu tutafute pamoja," binti yule angebaki. Ladha inayofichwa nyuma ya meza ndiyo inayodhuru, kwa sababu msomaji hawezi kuibishia.

Tena kuchagua hakuepukiki katika kazi hii. Shirika la East African Literature Bureau, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu kwenye vituo vya mbali, na sanduku lina mwisho wake. Lazima mtu fulani aliamua kipi kiingie na kipi kibaki. Huku kwetu huduma ya maktaba ya ngamia ilianza Garissa mwaka 1996 ili kuwafikia wafugaji wanaohamahama, na ngamia hawezi kubeba rafu nzima. Mkutubi anayepakia sanduku la ngamia anasoma akilini mwake watoto watakaomzunguka kule aendako, na anaweka dau kwa kila kitabu. Ningependa sana kukaa na mtu wa namna hiyo na kumuuliza ni kitabu gani hakubali kukiacha. Jibu lake lingenifundisha kuhusu kitabu na kuhusu watu wa mahali pale kwa pamoja.

Mimi hutumia matawi ya McMillan hapa Nairobi. Maktaba kuu ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu pekee, ilhali matawi ya Kaloleni na Makadara yako katikati ya mitaa ya wafanyakazi. Tangu mwaka 2017, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, kupitia shirika lao la Book Bunk, wamekuwa wakishughulikia ukarabati wa majengo hayo pamoja na mikusanyo yake, na moja ya mambo yaliyonigusa ni kuona maktaba zikipewa nafasi kubwa zaidi kwa vitabu vya waandishi wa Kiafrika. Hayo ni matokeo ya watu wenye ladha na msimamo kuhusu kile ambacho mtoto wa Eastlands anastahili kukikuta rafuni. Wangejifanya hawapendi chochote, rafu zingebaki zilivyorithiwa kutoka kwa waliotawala.

Pendekezo langu kwa Ndugu wa Chumbageni ni kwamba, baada ya kuzoeana na wakutubi wa pale, awaombe watenge sehemu ndogo karibu na mlango ambapo kila mkutubi ataweka vitabu viwili vitatu anavyovipenda, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono wake kueleza kwa nini. Majina si lazima. Inatosha kujua ni mkutubi wa zamu ya asubuhi au wa sehemu ya watoto. Wasioweza kuuliza kwa haya watasoma karatasi. Na Mwalimu ataweza kuona kwa macho yake kama ladha zinatofautiana au zote zimeegemea upande mmoja.

Msomaji wa Chumbageni (Tanga)

Nawashukuru sana nyote, na hoja ya Mwalimu nimeichukua kwa uzito wake.

Nina swali moja kwa Mzee Mkutubi Mstaafu. Ninapotafuta fasihi ya Kiswahili nimezoea kwenda moja kwa moja kwenye namba 896.392, nikasoma ninachokikuta, nikadhani nimemaliza. Je, ladha ya mkutubi inaweza kunifikisha mahali ambapo namba hizi hazinifikishi?

Mkutubi Mstaafu (Dar es Salaam)

Ndiyo, na umeuliza kwa mfano mzuri sana. Mpangilio wa Dewey, yaani ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba, huweka fasihi kwa kufuata lugha ambayo kazi iliandikwa kwanza. Kwa hiyo 896.392 utakuta kazi zilizotungwa kwa Kiswahili, lakini tafsiri hazipo hapo. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, na ukizitafuta pamoja na tamthilia za Kiswahili hutaziona, kwa maana mahali pake ni 822.33, penye Shakespeare, zikiwa zimezungukwa na vitabu vya Kiingereza. Riwaya ya Kirusi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kitamu kabisa itakaa 891.7. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kupita huko, basi vitabu hivyo hukaa rafuni miaka na miaka kurasa zake zikiwa safi.

Katalogi itakupa kitabu ukijua jina lake. Mkutubi aliyekisoma atakupa kitabu ambacho hukujua kipo. Muulize hivi: "Ni tafsiri gani ya Kiswahili uliyoipenda, na umeificha rafu gani?" Nina hakika atainuka kitini.

Kwa Mwalimu, nakubali kwamba ununuzi usifuate moyo wa mtu mmoja. Tuliokuwa makini tuliweka mipaka hiyo kwa kutazama karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada la nyuma. Kitabu nilichokipenda mimi kikawa na mihuri miwili tu, na kile nisichokijali kikawa na mihuri iliyojaa hadi karatasi ya pili kubandikwa juu ya ya kwanza, basi nilijua nakala ipi iongezwe. Wako waliolipuuza hilo, na wasomaji wao walilipia.

Mama wa Maisara (Unguja)

Assalaam aleikum. Naomba niongeze upande ambao haujaguswa, yaani sehemu ya watoto.

Wanangu nawapeleka maktaba, na ninakaa nao wakati mkutubi anawasomea hadithi. Huko ndiko nilikomjua mkutubi wetu kabla sijawahi kumuuliza neno. Zipo hadithi anazozisoma vizuri kwa sababu ni wajibu wake, na zipo anazozisoma mwili mzima ukishiriki: anaishusha sauti fisi anapokaribia, ananyamaza kabla ya kufungua ukurasa hadi watoto wasogee mbele kwa magoti, na mahali penye wimbo anaimba bila kutazama maandishi. Nilipoona hivyo mara kadhaa nilimwendea baada ya kipindi nikamwambia, "Bibi, hadithi hii unaipenda wewe mwenyewe." Akanieleza kwamba aliipokea kutoka kwa bibi yake kabla hajaiona kitabuni, na kwamba kitabu kimeacha beti mbili alizozijua. Akaniimbia pale pale. Siku hizi watoto wangu wanazijua beti zile, na mkutubi huyo ananiwekea pembeni vitabu vya ngano anapoviona vimerejeshwa.

Kwa hiyo, kaka yangu wa Chumbageni, kama unaona haya kuuliza mezani, nenda siku ya hadithi za watoto, hata kama huna mtoto wa kumpeleka. Omba ruhusa ukae nyuma. Kisha zungumza naye kuhusu alichokisoma.

Msomaji wa Chumbageni (Tanga)

Ahsante sana, dada yangu. Nitamuomba ruhusa hiyo. Swali langu la mwisho kwa Mzee: itakuwaje mkutubi akinijibu kwamba yeye hasomi siku hizi?

Mkutubi Mstaafu (Dar es Salaam)

Wapo, na usimdharau. Macho yanachoka, kazi na familia vinabana, na wengine waliingia maktaba wakiwa wametumwa na ajira, mapenzi yakawa bado hayajafika. Muulize alisoma nini alipokuwa shuleni ambacho bado anakikumbuka. Karibu kila mtu ana kimoja. Akikitaja, kitafute rafuni siku hiyo hiyo, kiazime kwake, ukisome, na ukimrudishia mweleze mhusika uliyempenda. Ukimkuta wiki inayofuata amekichukua mwenyewe kwenda nacho nyumbani, mwachie muda wa kukimaliza kabla hujamuuliza tena.